Ghuba inaishia wapi, hori inaanzia wapi: namna ya kuisoma pwani ya Lindi na Mtwara

Simama kivukoni Lindi, mwulize mtu yeyote maji yaliyo mbele yenu yanaitwaje. Chombo hakijarudi kutoka Kitunda utakuwa umeshapata majibu matatu. Mmoja atakwambia ni bahari. Mwingine, hasa mzee, atakwambia ni mto. Wa tatu, mwenye sare ya shule, atakwambia ni ghuba, kwa sababu ndivyo ramani ya darasani ilivyoandika. Ubishi utaanza hapo, na kwa desturi yetu ubishi wa namna hiyo hauishi mpaka mtu aitwe kupakua.

Mimi ni nahodha wa mashua, mwenyeji wa Mikindani. Nabeba saruji, chumvi, magunia ya korosho msimu ukifika, na siku nyingine wanafunzi na walimu wao wanaokuja kujifunza pwani. Kwao ghuba na hori ni swali la mtihani. Kwangu ni swali la mahali pa kutia nanga. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha vijana wangu wa chomboni, na mwalimu wa jiografia akitaka kuyatumia, karibu.

Kwa ufupi kabisa: ghuba ni bahari iliyopinda ikaingia nchi kavu, na ndani yake bado ni bahari, kwa mawimbi yake, mchanga wake na chumvi yake. Hori ni ulimi mwembamba wa maji unaojazwa na kukaushwa na maji kujaa na kupwa, wenye tope na mikoko, hata kama bahari yenyewe haiko mbali. Ramani za Kiingereza huandika Bay kwa ya kwanza na Creek kwa ya pili, na majina hayo yameganda: hata mtoto wa Msimbati anasema Mnazi Bay, si Ghuba ya Mnazi, tangu gesi ilipogunduliwa pale mwaka 1982.

Maana hizo mbili ni rahisi kukariri. Shida ni kwamba pwani yetu haikuumbwa kwa kufuata maana. Lindi ina ghuba na ina hori, zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Mtwara vilevile. Mikindani vilevile. Bahari ikiingia kwetu hupita barazani kwanza, halafu ukumbini, halafu vyumba vya ndani. Kwa hiyo acha kuuliza kama Lindi ni ghuba au hori. Uliza kizingiti kiko wapi, pale ghuba inapoishia na hori inapoanzia. Ukijua kukitafuta kizingiti, hayo mengine yanakuja yenyewe.

Ukubwa usikudanganye

Tuliondoe hili mapema. Watu wengi hudhani ghuba ni kubwa na hori ni ndogo, na waliosoma zaidi huongeza kwamba Kiingereza kina jina la ghuba kubwa, Gulf, na jina la ghuba ndogo, Bay. Haishikiki. Ghuba ya Bengali, ambayo Waingereza huipa lile jina linalodhaniwa ni la ndogo, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Ghuba ya Uajemi, iliyopewa jina la kubwa, ina kama laki mbili na nusu tu. Majina hayo yaliwekwa na mabaharia na wachora ramani wa nyakati tofauti, kila mmoja kwa alivyoona. Sisi tunasema ghuba kwa zote mbili, na hatujapotea njia kwa sababu hiyo.

Kati ya ghuba na hori pia, ukubwa si kipimo. Kuna hori zinazokwenda mbali ndani kuliko ghuba iliyo mbele yake. Kinachotenganisha ni tabia ya maji.

Chagua siku

Usiende siku ya maji mafu. Siku hizo, mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, na kila kitu kinafanana. Nenda wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na siku moja au mbili zinazofuata. Kwetu kusini bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3. Hapo pwani inavuliwa nguo na unaona kila kitu.

Tafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, au programu yoyote ya simu inayotoa saa za kujaa na kupwa kwa Mtwara. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiitumie leo. Fika saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa. Utayaona yakitoka, yakisimama, kisha yakirudi, na ni kule kugeuka kunakofundisha zaidi.

Kama unaweza, nenda mara ya kwanza kabla ya mvua, Oktoba au Novemba mwanzoni, na urudi tena mvua ikiwa imekolea, Februari au Machi. Ghuba utaikuta karibu ileile. Hori utadhani umebadilishiwa.

Vifaa ni vichache: bildi, yaani uzito wa kupimia kina cha maji, yenye kamba iliyofungwa mafundo kila pima moja, chupa mbili za plastiki, kamba nyembamba, simu, na viatu ambavyo hutasikitika vikibaki kwenye tope. Bildi si lazima iwe ya risasi. Chuma chochote kizito chenye kishimo chini kinatosha. Kwenye kishimo bandika sabuni ya mche iliyolainishwa. Kazi yake utaiona.

Anza na mdomo

Ukiwa juu ya maji, kitu cha kwanza ni kutazama nje, siyo ndani. Tafuta ncha mbili za nchi kavu, moja kila upande, pale ambapo pwani inaacha kutazama bahari kuu na kuanza kutazamana yenyewe kwa yenyewe. Hizo ncha ndizo nguzo za mlango. Kwenye ghuba, mtu akisimama ncha moja humwoni vizuri aliye ncha ya pili, au unamwona kama nukta. Kwenye hori, ukipiga kelele atageuka.

Kisha sikiliza mawimbi. Wakati wa kusi, mwezi wa Juni mpaka Agosti, mawimbi ya nje hupinda yakaingia ghubani, yakidhoofika lakini bado ni mawimbi. Mashua inayumba hata ikiwa imetia nanga, na ufukweni kuna mstari wa mwani uliosukumwa. Ndani ya hori hakuna mawimbi ya bahari. Kuna vijiwimbi vya upepo tu. Ukitoka nje ukiingia ndani, kuna mahali mashua inaacha kuyumba kwa mrefu na kuanza kutikisika kwa mfupi. Mabaharia wangu wakongwe wanapasikia kwa miguu wakiwa wamefumba macho. Weka alama hapo kwenye simu. Hiyo ni alama ya kwanza ya kizingiti.

Alama ya pili ni chini. Shusha bildi ghubani, ipandishe, tazama sabuni: kutakuwa na mchanga mweupe, vipande vya kombe, pengine chembe za matumbawe. Sogea ndani, shusha tena. Rudia. Mchanga utaanza kuchanganyika na udongo wa kijivu, halafu utakuja na tope jeusi tupu. Tope hilo linanuka vibaya, na ndivyo linavyopaswa, kwa sababu ni majani ya mikoko yanayooza mahali pasipo hewa. Mahali sabuni inapoleta tope mara mbili mfululizo bila mchanga, weka alama ya pili. Usiridhike na mara moja, maana hata ghubani kuna mashimo yanayokusanya uchafu.

Hili la bildi lina faida nyingine isiyohusu mtihani. Nanga hushika vizuri kwenye tope kuliko kwenye mchanga mgumu, lakini chombo kilichotia nanga horini kinaweza kuamka kimelala ubavu, maji yamekwisha chini yake. Nahodha anayetafuta mahali pa kulala hutafuta karibu na kizingiti: ndani ya kutosha kuepuka wimbi, nje ya kutosha kubaki na maji. Ukiona vyombo vingi vimelala mahali pamoja, mara nyingi kizingiti hakiko mbali. Wenye vyombo walishakitafuta kabla yako.

Mikoko na mpangilio wake

Kuona mikoko peke yake hakutoshi. Ghuba nyingi zina mikoko kwenye pembe zilizotulia. Kinachoonyesha hori ni mikoko iliyoshika kingo zote mbili, ikatazamana, na ikapangana kwa aina.

Jifunze aina nne tu kwa kuanzia. Mlilana hutangulia mbele, miguu majini, mizizi yake minene ikichomoza juu ya tope wima. Mkoko wenyewe ni ule wa mizizi iliyopinda kama matao, unaosimama kwenye tope laini ambalo mtu anazama mpaka gotini. Mkandaa unakuja nyuma yake, mdogo na ulioshikana. Gome lake hutumika kwa rangi. Mchu unavumilia chumvi kali na ardhi inayokauka, kwa hiyo utauona nyuma kabisa karibu na jangwa la chumvi, ingawa mara nyingine hujitokeza mbele pia. Ukipita na mtumbwi ukaona ngazi hiyo kushoto na kulia, umo horini, hata kama simu inasema bado uko kwenye ghuba.

Kama hupendi miti, nenda dikoni, wavuvi wanakoshushia samaki. Tazama ndoo na vikapu. Diko la ghuba lina changu, tasi, pweza. Na wakati wa bamvua utaona akina mama wametoka na vijiti kwenye mwamba uliokauka wakichokoa pweza matunduni. Diko la hori lina kaa wakubwa wa koko waliofungwa makucha, kamba, na chaza waliobanduliwa kwenye mizizi. Pweza hapendi maji yenye tope na maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, na kaa koko hana haja na mwamba wako. Mwalimu mmoja aliniambia hii si sayansi. Mimi naona ni sayansi iliyokwisha kuvuliwa.

Chupa mbili

Sasa mvua imenyesha na uko kwenye sehemu usiyo na uhakika nayo. Jaza chupa ya kwanza kwa maji ya juu. Ya pili ifunge jiwe, iwekee kizibo kilegevu chenye kamba yake peke yake, ishushe mpaka karibu na chini, kisha vuta kamba ya kizibo. Subiri ijae, ipandishe polepole. Onja kidogo ya kila moja, uteme.

Ghubani zote mbili ni chumvi, ladha moja. Horini kunakoingia mto, ya juu haitakuwa na chumvi, au itakuwa ya magadi kidogo, na ya chini itakuwa chumvi ileile ya bahari. Maji ya bahari ni mazito, kwa hiyo huingia kwa chini, na maji ya mto hutoka kwa juu. Mara nyingine juu maji yanatoka na chini yanaingia kwa wakati mmoja; kamba ya bildi itakuonyesha kwa kupinda.

Lindi ndiyo mahali pazuri zaidi pa jaribio hili, kwa sababu mto Lukuledi, unaotoka upande wa Masasi na kupita kati ya uwanda wa Makonde na vilima vya Rondo, unamwaga humo. Simama Kitunda mwezi wa Machi, utaona rangi mbili majini. Mtwara na Mikindani jaribio hili halitakupa kitu kikubwa, maana hakuna mto mkubwa unaomwaga humo. Na hapo ndipo watu hukosea upande mwingine: wanasema kwa kuwa hakuna mto, basi si hori. Hori haihitaji mto. Inahitaji maji ya bahari yanayoingia na kutoka kwa njia nyembamba. Wazee wanaoita hori "mto" wanatazama mwendo wa maji, hawatazami yanakotoka, na kwa jicho la baharia hawako mbali na ukweli.

Kupima kwa mkondo

Ukiwa na siku moja tu na kipimo kimoja tu, chukua hiki.

Tafuta kitu kinachoelea, kifuu cha nazi kinafaa, kikiwa na maji kidogo ndani ili upepo usikibebe. Kitupe majini wakati maji yanapwa kwa nguvu, katikati ya kujaa na kupwa. Ghubani kitazurura; kitaelekea nje lakini kwa uvivu, pengine kizunguke. Horini kitaondoka moja kwa moja kama kina miadi. Pima kimekwenda mita ngapi kwa dakika moja. Fanya hivyo sehemu kadhaa kutoka nje kwenda ndani. Mahali mwendo unapoongezeka ghafla ni kooni, na koo mara nyingi ndiyo kizingiti chenyewe.

Fanya tena maji yakijaa. Horini, hasa penye mikoko mingi, mara nyingi maji hutoka kwa nguvu kuliko yalivyoingia. Maji ya bamvua yakipanda huenea ndani ya mikoko, yakazuiwa na mizizi. Bahari ikishuka yanachelewa, halafu yanatoka yote pamoja kwa njia ile nyembamba. Nguvu hiyo ndiyo inayochimba koo lisizibe. Ukikata mikoko ya ndani, maji ya kutoka hupungua nguvu na fungu la mchanga huanza kuota mlangoni. Kijana anayekata nguzo kule ndani hadhani kama anaziba bandari ya babu yake, lakini ndivyo.

Kuna na kuchelewa. Mweke mwenzako mdomoni na wewe uwe ndani kabisa, kila mmoja na kijiti kilichochorwa alama. Andikeni saa ambayo maji yamefika juu kabisa. Ghubani mtapata saa ileile, wote wawili. Kwenye hori ndefu, wa ndani atachelewa. Kwa hiyo jedwali la Mtwara likikwambia maji yamejaa, mtu aliye ndani ya hori bado ana muda wa kutoka, na nahodha anayelijua hilo hana haraka ya kijinga.

Simu, na ile nusu duara ya sheria

Sasa ndiyo ufungue picha ya setilaiti. Siyo kabla. Picha imepigwa kwa saa moja ya siku moja, na kama ilipigwa maji yakiwa yamejaa, utaona ghuba nzuri ya buluu mahali ambapo bamvua ikipwa watu hutembea kwa miguu.

Kuna kipimo kimoja cha ramani kinachostahili kujulikana, kwa sababu kimeandikwa kwenye sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini mwaka 1982 huko Montego Bay, Jamaika, unasema pindo la pwani halihesabiwi kuwa ghuba mpaka eneo lake la maji liwe sawa na, au kubwa kuliko, nusu duara ambayo kipenyo chake ni mstari uliochorwa kutoka ncha moja ya mdomo hadi ya pili. Mdomo wenyewe ukiwa hauzidi maili 24 za baharini, nchi inaweza kuufunga kwa mstari, na maji ya ndani yakawa ya kwake kama maziwa yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Pima mdomo kwa kilomita, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 0.39. Mdomo wa kilomita 3 unatoa 9, na 9 mara 0.39 ni kama 3.5. Kisha chora mpaka wa maji ya ndani kwenye simu. Programu nyingi za ramani hutoa eneo. Ukipata kilomita za mraba 5, ni ghuba. Ukipata 2, ni ufukwe uliopinda tu, hata kama hoteli imeandika vingine kwenye kibao. Kama visiwa vimegawanya mdomo mara mbili au tatu, unajumlisha urefu wa midomo yote, ndipo unachora nusu duara moja. Na visiwa vya ndani vinahesabiwa kama maji. Vipimo vyote huchukuliwa kwenye mstari wa maji kupwa, si wa kujaa.

Lakini elewa kipimo hiki kinafanya nini. Kinatenganisha ghuba na pindo la kawaida la ufukwe. Hakitenganishi ghuba na hori. Hori yenye mdomo wa mita 400 inahitaji eneo dogo mno, kama hekta 6 hivi, ili ifaulu, na karibu kila hori itafaulu. Nimeona daftari za wanafunzi zikiiita hori ghuba kwa sababu "imepita nusu duara". Imepita, ndiyo. Hata karakana ya mtumbwi ingepita ukiichimba ndani vya kutosha.

Kwa nini Mtwara inachanganya

Bandari ya Mtwara ina umbo la hori: mlango mwembamba kati ya upande wa Shangani na Msangamkuu, maji yaliyopinda kuingia ndani, mikoko kwenye pembe za mwisho. Lakini ina kina cha kupokea meli za bahari kuu. Ukitumia umbo utasema hori. Ukitumia kina utasema ghuba.

Jibu liko kwenye historia ya bahari. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeshika sehemu kubwa ya dunia ya kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Mito na vijito vya pwani hii vilichimba mabonde kuifuata bahari ilikokuwa. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikayafunika mabonde. Lindi, Mtwara, hata Dar es Salaam na Mombasa, ni mabonde yaliyozama. Ghuba na hori zetu ni ndugu wa tumbo moja: sehemu pana ya bonde iliyofunikwa kabisa imekuwa ghuba, matawi yake membamba yamekuwa hori. Bonde lenye mto wenye udongo mwingi, kama Lukuledi, linaendelea kujazwa. Lisilo na mto mkubwa, kama la Mtwara, limebaki na kina chake.

Waingereza walilijua hilo kwa njia ya gharama. Mradi wao wa karanga ulipoanza mwaka 1947, shehena za kusini zilipitia Lindi, na gati la muda likawekwa Mkwaya, ndani ya hori. Meli kubwa zilihitaji kina, ndipo bandari mpya ikajengwa Mtwara. Karanga zilishindwa, mradi ukavunjwa mwaka 1951, gati la Mtwara likabaki, na leo linapakia korosho.

Mabonde hayo yanakupa na ujanja mmoja wa baharini. Matumbawe hayapendi tope wala maji baridi ya mto, kwa hiyo mwamba wa nje mara nyingi umekatika mbele ya bonde la zamani. Ukiwa nje ukaona wimbi linavunjika mstari mrefu halafu kuna pengo lisilo na povu, nyuma ya pengo hilo tafuta ghuba, na nyuma ya ghuba tafuta hori. Lakini usiingie pengo usilolijua kwa sababu umesoma hapa. Chukua mwenyeji.

Visivyo ghuba wala hori

Mdomo wa mto mkubwa una kanuni yake. Ruvuma, unaotoka milima ya Matogoro karibu na Songea, unafika baharini kwa nguvu na mafungu yake ya mchanga yanayohama. Machi 1866 David Livingstone alitaka kushukia hapo na ngamia wake. Mikoko na tope vikamzuia, akapelekwa kaskazini mpaka Mikindani, akashukia huko. Hicho ndicho kipimo cha mdomo wa mto kwa mtu mwenye ngamia. Kisheria pia, mto unaomwaga moja kwa moja baharini hufungwa kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, bila habari ya nusu duara.

Na Kilwa, watu husema "hori ya Kilwa Masoko" wakimaanisha maji yaliyo kati ya Masoko na Kisiwani. Maji hayo yana mkondo, yana mikoko, yametulia, na ukitumia vipimo vyangu vyote bila kufikiri utaandika hori. Ila tupa kifuu chako ukifuate. Hori ina mwisho. Maji hurudi yalikotoka. Pale maji huweza kuingia upande mmoja wa kisiwa na kutokea upande mwingine, na chenye milango miwili ni mlango wa bahari. Ndani zaidi, nyuma ya kisiwa, ndiko utakutana na hori za kweli, nyembamba, zenye giza la mikoko. Huko nenda na mtumbwi na upondo, maji yakiwa yanajaa.